Beji ya mhudumu wa hospitali: jina lote au nusu?

Mgonjwa amelala chali, miwani yake iko kwenye droo, na mtu wa tano tangu asubuhi anamfunga mpira mkononi amtoe damu. Beji anayo. Inaning'inia usawa wa kiuno kwenye kamba ya shingoni, na imegeuka, kwa hiyo kinachosomeka ni maneno ya nyuma tu: ukiiokota, irudishe ofisini. Hayo niliyaona nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mama yangu. Jioni alipotaka kuulizia majibu ya damu ile, hakuwa na jina la kutaja. Alikuwa na "yule kijana mrefu" tu, na zamu ilishabadilika.

Kwamba mhudumu avae beji akiwa kazini, wachache wanabisha. Ubishi uko kwenye kinachoandikwa juu yake: jina kamili, jina la kwanza peke yake, au cheo na namba.

Wanaotaka jina kamili wana hoja nzito. Mgonjwa anavuliwa nguo na kuulizwa mambo ambayo hata mwenzi wake hayajui, na anayemuuliza hamfahamu. Mambo yakiharibika, lalamiko lisilo na jina huzungushwa ofisi hadi ofisi mpaka mwenyewe achoke. Kate Granger, daktari wa wazee nchini Uingereza, aliyaonja haya akiwa upande wa kitandani. Mwaka 2013, akiwa amelazwa kwa sababu ya saratani, aliona wengi waliomhudumia hawajitambulishi. Akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wahudumu waanze na "Habari, jina langu ni…", ikavuka mipaka ya nchi yake kabla hajafariki mwaka 2016. Kwake mdomo ulitangulia, beji ikafuata. Nadhani huo ndio mpangilio sahihi, maana beji haisalimii mtu.

Lakini msikilize na nesi. Mtu akilijua jina la kwanza na la ukoo la nesi huyo, na ana simu mkononi, hahitaji muda mrefu kuzipata picha za watoto wa nesi na mtaa anaoishi. Anayefanya kazi mapokezi ya dharura usiku hukutana na walevi, na ndugu waliofiwa dakika hiyo hiyo, na watu waliojeruhiana wakaletwa pamoja. Kutishiwa ni jambo linalowapata kweli. Ndiyo maana wengine hubandika plasta juu ya jina la ukoo, na siwalaumu. Kanuni iliyomfikisha mtu hapo haijamlinda mgonjwa wala yeye.

Mimi naona tunachanganya haja mbili. Pale kitandani mgonjwa anataka kujua amwiteje huyu mtu na kazi yake ni ipi. Jina la kwanza na cheo vinamtosha. Lalamiko linahitaji mtu apatikane, na hiyo ni kazi ya hospitali yenyewe, yenye orodha ya zamu. Namba kwenye beji inatosha kumfikia, ila kwa sharti moja ambalo nalishikilia: dawati la malalamiko likipewa namba hiyo lijue siku hiyo hiyo ni nani, na limjibu mgonjwa. Bila hivyo namba inakuwa pazia, na hapo ningerudi upande wa wanaodai jina lote.

Cheo ndicho kinachosahaulika, na pengine ndicho muhimu zaidi. Daktari wa kike huitwa "sista" kutwa nzima, na mwanamume yeyote aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, hata kama ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2010 inayotaka kitambulisho chenye picha, na cheo kiandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukanda wa nusu inchi chini ya beji. Nusu inchi inasomeka hata bila miwani.

Chumba cha upasuaji kina shida yake, kwa kuwa beji hufunikwa na gauni na nyuso hufunikwa na barakoa. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inaitaka timu ijitambulishe kwa majina na kazi kabla ya kupasua. Rob Hackett, daktari wa usingizi huko Sydney, mwaka 2017 alianza kuandika jina na kazi yake kwenye kofia. Damu inapomwagika, "wewe, lete ile" huwafanya watu watatu wasubiriane. Ukimwita mmoja kwa jina, anakwenda.

Kuhusu kamba za beji za shingoni, ziondolewe. Zinagusa kitanda hadi kitanda na hazifuliwi inavyopaswa. Klipu kifuani, plastiki ngumu inayofutika kwa dawa, inatosha. Na pale ambapo kamba haiepukiki, jina na cheo vichapwe pande zote mbili, kwa sababu itageuka tu.