Msiniulize asilimia, nileteeni kauntabuku

Kila Julai, NECTA wakishatoa matokeo ya Kidato cha Sita, simu yangu haipumziki. Mwaka huu wa kwanza kupiga alikuwa mzazi mmoja, fundi wa marumaru, ambaye kijana wake nimemfundisha hesabu za advansi kwa miaka miwili. Kijana kapata Divisheni I ya pointi 3, A tupu kwenye PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu. Baba mtu sauti ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Mwalimu, hongera na wewe. Tumeambiwa MIT na Harvard wanasomesha bure watoto wenye akili. Sasa huyu wetu, nafasi yake ni asilimia ngapi?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kwa muda mrefu nililijibu vibaya.

Asilimia ya chuo si asilimia ya mtoto. MIT hupokea maombi zaidi ya 25,000 kwa mwaka na kukubali watu wasiofika 1,400. Kwa wanaotoka nje ya Marekani hali ni ngumu zaidi, ni kama wawili katika kila mia. Lakini hao mia hawakuchezeshwa bahati nasibu. Wamo ambao faili lao halikuwa na la kusimulia zaidi ya alama, na wamo ambao msomaji wa maombi alisimama, akarudi nyuma, akasoma tena. Ukiwachanganya wote ukapata 2, namba hiyo haimwelezi hata mmoja wao.

Na A tatu? Mzazi ana haki ya kuzifurahia. Katika nchi ambayo kuna miaka watahiniwa wanane kati ya kumi wamefeli hesabu za Kidato cha Nne, kijana mwenye A ya hesabu za advansi ametoka mbali. Ila kule anakokwenda, A ni tiketi ya kuingia uwanjani tu. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard kuhusu udahili, ambayo hukumu yake ya kwanza ilitoka 2019, iliweka wazi kwamba katika msimu mmoja waombaji wa Marekani peke yao zaidi ya 3,000 walikuwa na alama kamili ya hesabu kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, 800 kwa 800. Chuo chenyewe hukubali kama watu 2,000 tu, na humo wamo wanahistoria, wapiga fidla na wacheza mpira wa kikapu. Hata wangewafukuza wengine wote, hao wa 800 wasingetosha kuingia.

Sisemi SAT haina kazi. MIT waliirudisha kuwa lazima mwaka 2022, na kijana wa hesabu akipata 700 kwenye sehemu ya hesabu ajue ana pengo. Ninachosema ni kwamba 800 inafunga mdomo wa shaka, kisha haiongezi neno.

Nimejifunza hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tano ambaye wakati wa prepu, wenzake wakikokotoa pasti pepa, yeye alikuwa anagawanya. Alianza na 1 gawanya kwa 7: 0.142857, halafu inajirudia. Akajaribu 2 kwa 7, akakuta tarakimu zilezile zimezunguka, 285714. Akaenda kwenye 11, 13, 17, 37. Kauntabuku nzima ilijaa desimali. Akaona kwamba kwa 17 mzunguko una tarakimu 16, kwa 13 una 6, kwa 37 una 3. Jioni moja akaja ofisini: "Mwalimu, ukiacha 2 na 5, kila namba tasa niliyojaribu, urefu wa mzunguko unagawa namba hiyo ukitoa moja. Kwa nini?"

Hakujua kwamba nyuma ya swali lake kuna kanuni ambayo Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliiandika mwaka 1640. Alikuwa ameifikia mwenyewe kwa peni na taa ya bwenini. Kisha akauliza la pili: namba tasa kama 7 na 17, ambazo mzunguko wao unafikia urefu wote unaowezekana, zinafika mahali zikaisha? Hilo mwanahisabati Emil Artin alilikisia mwaka 1927, kwamba haziishi, na mpaka leo hakuna aliyelithibitisha. Mtoto wa miaka kumi na saba, kijijini kwangu, kajipeleka mwenyewe mpaka ukingoni mwa hesabu zinazojulikana.

Mwaka uliofuata aliomba chuo Marekani akaniomba barua ya mapendekezo. Niliandika hivi: ni mwanafunzi mwenye nidhamu, bidii na heshima kwa walimu, amekuwa wa kwanza darasani mihula yote. Mistari tisa na muhuri. Kauntabuku sikuitaja. Sikuidhania kuwa ni jambo la barua, kwa sababu haikuwa kwenye silabasi na haikumwongezea alama yoyote.

Walimkataa. Siwezi kudai ni kwa ajili ya barua yangu, maana wengi mahodari hukataliwa. Lakini najua kwamba mtu pekee aliyeshuhudia akili ile ikifanya kazi nilikuwa mimi, na nilipoulizwa nikazungumzia nidhamu.

Ndiyo maana siku hizi nikitaka kupima nafasi ya mwanafunzi wa hesabu nauliza kwanza: amefanya hesabu gani ambayo hakuna aliyemtuma? Wenzao wa Marekani wana ngazi ya mashindano iliyopangwa tangu wakiwa wadogo: AMC, halafu AIME yenye maswali 15 kwa saa tatu, halafu juu zaidi. Huku kwetu shule nyingi hazijawahi kuona hata swali moja la olimpiadi, yaani mashindano makubwa ya hesabu ya wanafunzi. Olimpiadi ya kimataifa ilianza 1959, na imefanyika Afrika mara moja tu, Cape Town mwaka 2014. Wanaosoma maombi huangalia mwombaji katokea mazingira gani. Hawatamwadhibu kwa kukosa medali ambayo hakuwa na njia ya kuiendea, ila hawawezi kuona kisichoandikwa.

Jambo la pili ni pesa, na hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Vyuo havifanani. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawamhukumu mwombaji wa nje kwa uwezo wa kulipa, na wakimkubali wanaziba pengo lote la mahitaji yake. Vyuo vingi vingine, Stanford kikiwemo, huangalia kama mgeni anahitaji ufadhili kabla ya kuamua. Kwa hiyo mtoto yuleyule, kwa faili lilelile, ana nafasi mbili tofauti kutegemea mfuko wa baba yake. Sipendi iwe hivyo, lakini kumficha mzazi ni kumdhulumu.

Uingereza ni habari nyingine. Kwa mtoto ambaye ni hesabu tupu, asiye na insha tamu wala klabu aliyoiongoza, mfumo wa Cambridge ungemfaa zaidi: unahojiwa juu ya hesabu, kisha unapewa sharti la kufaulu STEP, mitihani migumu ya hesabu ya kuingilia chuo, kwa kawaida daraja la 1 kwenye karatasi mbili. Wanakutaka kwa hesabu zako. Tatizo ni kwamba ufadhili kamili wa shahada ya kwanza kwa mgeni ni adimu, na fundi wa marumaru hana pauni za kulipa ada ile.

Haya yote nilimwambia baba yule, pamoja na hili: kijana aombe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huuhuu, kwa moyo wote, kwa kuwa idara yake ya hesabu imesomesha watu wa maana. Asilimia sikumpa. Nilimwomba anitumie kijana Jumamosi, na aje na madaftari yake yote, hata yale anayoyaonea aibu.

Alikuja na begi. Nyingi zilikuwa pasti pepa. Chini kabisa ilikuwepo kauntabuku iliyochanika jalada. Ndani alikuwa amechora sakafu. Likizo humsaidia baba yake kazini, na alitaka kujua ni kwa njia ngapi unaweza kujaza korido yenye upana wa 2 kwa vipande vya marumaru vya 1 kwa 2. Kwa urefu wa 1 hadi 5 alipata 1, 2, 3, 5, 8, akaandika pembeni kwamba kila jibu ni jumla ya mawili yaliyotangulia, na sababu akaitoa kwa mchoro wa kipande cha mwisho. Halafu akapanua korido iwe 3. Kwa urefu wa 2 akapata njia 3, kwa 4 akapata 11, kwa 6 akaandika 39, akaikata, kurasa nne za michoro, kisha 41.

Ni 41 kweli. Nimeihakiki usiku ule. Barua yangu itaanzia kwenye ile 39 iliyokatwa.