Bustani Kiamunyi: ploti itatoka wapi?

Hii maneno ya kaunti kutuwekea bustani za umma huku Kiamunyi, mtaa wetu wa Nakuru, imerudi tena na nikisikiliza pande zote mbili naona kila mtu ana pointi. Wanaotaka wanasema Nakuru ni siti tangu Disemba 2021 lakini watoto bado wanacheza boli barabarani, boda ikipita wanaokota mawe ya goli wanangoja. Ukiwaambia kuna Nyayo Gardens, hiyo iko tao, matatu kwenda na kurudi na watoto watatu ushamaliza pesa ya mboga. Na ile mbuga ya Lake Nakuru ndio hiyo hapo chini, ila ina fensi na unalipia getini, alafu kuna simba ndani, si mahali pa kunyoosha miguu jioni na bibi yako.

Wanaopinga nao si wajinga. Huku kulikuwa mashamba, watu wakanunua wakakata ploti za futi 50 kwa 100, na kila broka anajua ekari moja inatoa kama ploti nane, so bustani ya ekari mbili tu ni ploti 16 ambazo lazima kaunti inunue kwa bei ya leo na kuna watu bado wanaishi na maji ya booza, yale ya kuletwa na lori. Mama mmoja jirani aliniuliza hayo maua utayamwagilia na maji ya nani, nikacheka lakini jibu sikuwa nalo.

Mimi naona tunabishania mahali tushachelewa. Ardhi ya umma hutolewa shamba likigawanywa, sio nyumba zikishasimama, hapo unaanza kubomolea watu na kesi haziishi. Kwa hivyo hii vita ihamie kule mbele kwenye mahindi bado yako, kabla seveya hajafika. Kuna wenye wanasema bustani ziwekwe penye ardhi hupasukanga mvua ikizidi, juu hapo hapajengeki. Sawa, lakini ni wewe utapeleka mtoto kubembea juu ya ufa?

Na hata ikipatikana usidhani iko salama. 1989 Uhuru Park yenyewe, katikati ya Nairobi, ilitaka kuwekwa jumba la ghorofa 60 mpaka Wangari Maathai akasimama kidete. Sasa kaploti ketu huku nani atakalilia? Wakianza na benchi na maua kabla ya bikoni za mpaka na taito ya umma, siku moja tutaamka tupate mabati imezungushwa na kibao cha "ploti hii haiuzwi".