Niacheni Nichelewe

Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa saba mchana, mkono wangu wa kushoto huwa si wangu. Huchomwa sindano mbili: moja hutoa damu kuipeleka kwenye mashine, ya pili huirudisha mwilini ikiwa imesafishwa, na kwa muda wa saa nne siruhusiwi kuukunja. Mkono wa kulia ndio wa riwaya. Daftari huliegemeza kwenye mto, kalamu nimeifunga uzi kwenye kiti kwa kuwa ikianguka siwezi kuinama kuiokota, na hati huikuza ili isomeke siku ya kupigwa chapa.

Figo zangu zilikoma kufanya kazi kwa sababu ya presha niliyokaa nayo miaka mingi bila kujua. Huu ni mwaka wa nne. Nasafishwa damu mara mbili kwa wiki kama wagonjwa wengi hapa Kenya, nafundisha Kiswahili katika shule ya binafsi huku Likoni, na naandika riwaya yangu ya pili. Watu wakiyajua mambo hayo matatu kwa pamoja, hunipa maneno ambayo sasa yamenichosha: "Angalau Mwenyezi Mungu amekupa nafasi ya kuandika." Wanasema kwa wema. Lakini nafasi hiyo wanayoifikiria haipo, na kunyamaza kila ninapoambiwa kumeanza kuniuma.

Saa ya kwanza kitini ni nzuri. Kichwa kimetulia, mashine inanguruma polepole, naandika. Saa ya pili baridi huanza kunitambaa kuanzia mkononi, hata mwezi wa Machi ambapo Mombasa nzima inatokota, nami hujifunika leso mbili na kuendelea. Saa ya tatu presha hushuka, mistari ya daftari huanza kucheza, na shavu la mguu hukaza kama kamba ya jahazi mpaka nimwite muuguzi. Saa ya nne siandiki. Natazama saa ya ukutani. Kwa hesabu yangu, wiki yenye heri hunipa saa tatu za kuandika na kurasa nne. Zipo wiki zilizonipa sentensi moja.

Na hizo siku nyingine? Jumatatu ndiyo ngumu kuliko zote. Tangu Ijumaa jioni hadi Jumanne mchana maji ninayokunywa hayana pa kutokea, hubaki mwilini, kwa hiyo nimepimiwa nusu lita kwa siku, na humo humo imo chai, umo mchuzi, ipo dawa ya kumezea. Namumunya kipande cha barafu kama mtoto anavyomumunya peremende. Viazi nachemsha, namwaga maji, nachemsha tena. Madafu, tende na ndizi nimeziaga kwa sababu potasiamu ikizidi husimamisha moyo, na mbaazi za nazi, mimi niliyezaliwa pwani, nanusa tu zinapopita kwa jirani. Kufikia Jumatatu asubuhi miguu haiingii viatuni. Kidato cha Tatu kiko ghorofa ya pili. Napanda ngazi nikisimama mara tatu, nikifika nakaa, wanafunzi wanasoma kwa sauti kwa zamu, nami nasikiliza na kusahihisha matamshi. Wanajua. Hakuna aliyewaambia wanyamaze, lakini darasa lile Jumatatu hunyamaza.

Nimeandika hayo kwa urefu ili ieleweke kwamba riwaya haiandikwi na mtu mmoja aliyejaliwa kipaji na utulivu. Hii yangu inaandikwa na naibu mwalimu mkuu aliyevisogeza vipindi vyangu vya Jumanne na Ijumaa viwe vya asubuhi bila kunipunguzia mshahara. Inaandikwa na mwenzangu wa idara anayenisaidia kusahihisha insha, karatasi ile ya kwanza ya Kiswahili, 102/1, mitihani inaporundikana. Inaandikwa na binti wa kaka yangu, ambaye kila Jumamosi huja na kompyuta yake, nikamsomea daftari naye akapiga chapa, na akifika mahali hapaeleweki hunikata: "Shangazi, huyu anasema na nani?" Mara nyingi swali lake ndilo linalofanya sura nzima isimame. Shaaban Robert aliandika huku akiwa karani wa forodha Pangani, na tunapenda kulisimulia jambo hilo kama ushujaa wa mtu mmoja. Sasa nikilisikia nawaza ni nani aliyekuwa akimpikia, na ni nani aliyemshikia taa.

Nimefika kwenye jambo linalonikera zaidi, nalo ni habari.

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa kitini. Televisheni ya wodini hung'inia juu, mbele ya safu yetu, na siku nyingi huwa inaonyesha vipindi ambavyo hakuna anayevitazama. Siku ile sista aliongeza sauti. Wabunge walipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, kwa kura 195 dhidi ya 106, na muda mfupi baadaye vijana waliokuwa wakiupinga walikuwa wameingia ndani ya Bunge, moshi ukitoka kwenye jengo, na risasi zilikuwa zimeshaua watu nje. Tulikuwa wagonjwa sita, tumefungwa kwenye mashine sita, hakuna awezaye hata kusimama. Mama mmoja mwanawe alikuwa Nairobi na simu haikuwa ikipatikana. Alilia bila kupangusa machozi kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na sindano na mwingine ulikuwa na simu. Sista akampangusa. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatatia saini mswada ule.

Daftari langu la siku hiyo lina mstari mmoja tu: "Sista akampangusa." Mpaka leo sijaongeza kitu chini yake.

Wiki hiyo hiyo mhariri mmoja ninayemheshimu alinipigia akiomba hadithi fupi kuhusu vijana na Bunge, kwa siku kumi. Nikakataa. Akaniuliza, kwa upole lakini nilisikia lawama, kama mwandishi ana haki ya kukaa kimya nchi inapowaka. Wanafunzi wangu wa zamani wakaniuliza vivyo hivyo kwa maneno makali zaidi. Mmoja aliniandikia: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kioo kiko wapi?"

Nimekuwa nikilijibu swali lake kichwani tangu siku ile. Kwanza, nakubali kwamba kuna wanaotakiwa kusema papo hapo. Mwanahabari asiposema leo amekosa. Mshairi naye, na mji huu unajua hivyo kuliko mingi: Muyaka bin Haji alitunga hapa Mombasa karne ya 19 huku mgogoro wa Wamazrui, waliokuwa wakiutawala mji huu, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, ukitokota, na mashairi yake yaliingia ndani ya ugomvi wenyewe, watu wakayachukua vinywani. Shairi lina pumzi fupi na mguu mwepesi. Riwaya haijaumbwa hivyo. Riwaya hutaka kujua yule mama alikula nini usiku ule, na mwanawe alirudi akiwa mtu wa namna gani, na miaka kumi baadaye kama bado wanazungumza. Hayo hayajatokea. Nikiyaandika leo nitakuwa nimeyabuni kwa kuazima kelele za televisheni, na yule mama atakuwa amelia ili mimi nipate hadithi ya siku kumi.

Abdulrazak Gurnah alikuwa kijana Unguja Mapinduzi yalipotokea mwaka 1964, akaondoka miaka michache baadaye. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2021. Mtu akisoma tarehe hizo kwa haraka ataona ucheleweshaji. Mimi naona mtu aliyekataa kuliacha jambo wakati wengine wote walikuwa wameshahama.

Riwaya yangu mimi ni ya mwaka 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi hapa Likoni, wakaua askari, wakaondoka na bunduki, kisha wakawageukia watu wa bara waliokuwa wakiishi miongoni mwetu. Nyumba na vibanda vilichomwa. Maelfu walikimbia, wengi wakajikusanya kwenye kanisa la Kikatoliki. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kura zilipigwa Desemba. Mimi nilikuwa darasa la saba. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti. Dawati letu lilikuwa la watatu. Septemba tulipofungua tulikuwa wawili, na mwalimu alipoita majina alilipita jina lile bila kuinua macho, kama vile limekuwa likirukwa siku zote.

Tume ya Jaji Akiwumi, ya kuchunguza ghasia za namna hiyo, iliteuliwa mwaka 1998 na ripoti yake ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Iko, mtu anaweza kuisoma. Haina lile dawati, wala si kazi yake kuwa nalo. Ni kazi yangu, na imenichukua zaidi ya robo karne kuianza kwa sababu kwa miaka mingi sikujua kwamba kuna cha kuandika. Nilidhani ni jambo la siasa, limekwisha, lina wenyewe. Ninapoambiwa niliweke kando ili niandike la wiki hii, huwa nasikia pia kwamba la 1997 zamu yake imepita. Haijapita. Abiria tunaobanana nao kwenye feri alfajiri, wengine walikuwa huku usiku ule, wengine walikuwa kule, na tunasogezana mabega bila kuulizana.

Sisemi kwamba habari hazinihusu. Mgonjwa wa figo hana anasa hiyo. Jumanne nyingine, tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF, bima ya afya ya taifa, iliondoka na SHA ikaanza mahali pake, na makato ya walioajiriwa yakawa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kwa jirani yangu hiyo ilikuwa habari ya kujadili barazani. Kwetu wodini ilikuwa ni kuuliza kama Ijumaa tutaunganishwa na mashine. Nilifanya hesabu nyuma ya daftari la riwaya: nikilipa mwenyewe, mshahara wangu unanifikisha wapi. Ukurasa ule bado upo, tarakimu upande mmoja, mhusika wangu akikimbia upande wa pili, na wiki mbili nzima sikuandika neno. Ndiyo maana nasema ukitaka nchi ipate riwaya, usimtafute mwandishi mwenye msukumo. Hakikisha bima yake inafanya kazi Jumanne. Wapo wanaoona maneno haya ni madogo mno kwa sanaa. Hawajawahi kuhesabu siku kwa mashine.

Kuna mzee kwenye kiti cha pili kutoka kwangu. Amekuwa jirani yangu hapo kwa mwaka mzima. Ni mtu wa bara, aliishi Likoni zamani, sasa yuko Changamwe kwa mwanawe. Tulikuwa tukizungumza mambo ya chumvi na kiu, basi. Mwezi uliopita aliniuliza naandika nini kila siku, kama ni kazi ya shule. Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, mashine zikinguruma, kisha akasema, "Nisomee."

Nikamsomea sura ya saba, ile ya familia inayokimbia usiku. Nilikuwa nimeipenda sana. Mwishoni mwake mlango wa nyumba umeachwa wazi, unapigwapiga na upepo wa bahari, na ndani taa ya chemni bado inawaka. Binti wa kaka yangu alipoipiga chapa alisema ndiyo sura nzuri kuliko zote.

Mzee alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, mlango hatukuuacha wazi."

Nikauliza, "Mlipata muda wa kuufunga, mzee?"

"Muda haukuwepo. Lakini mke wangu alirudi. Nilimvuta mkono, akakataa, akarudi akafunga kwa ufunguo, akajaribu kusukuma kuona kama umeshika. Kisha tukakimbia. Nyumba ilichomwa usiku huo huo, mlango na kila kitu." Alifumbua macho. "Yeye alifariki mwaka 2011. Ufunguo ninao."

Miaka yote hiyo kichwani mwangu watu waliacha milango wazi. Nilikuwa mtoto, nilikuwa upande ambao haukukimbia, na mlango wazi ndio picha ambayo kila mtu angeichora. Kama ningeiandika riwaya hii Septemba ile ya 1997, au mwaka 2002, au mwaka uliopita kabla mzee hajaniuliza, mlango ungebaki wazi kitabuni milele, na mwanamke aliyerudi kusukuma aone kama umeshika asingekuwemo.

Jumamosi tuliifuta sura ya saba. Binti alisikitika. Sasa naiandika upya, na imegoma, kwa sababu sijui bado mtu anaugeuzaje ufunguo gizani huku mumewe akimvuta mkono, na sijui ni ufunguo wa aina gani, wa kitasa au wa kufuli. Nilimuuliza mzee Ijumaa wakati sista anaondoa sindano zake. Hakujibu kwa maneno. Alipima kwa vidole viwili, akaona havitoshi kunieleza, akasema Jumanne atauleta niushike mwenyewe.