Mimba ya taifa ilikuwa ya miaka mingi
Mwandishi mmoja anadai Isaya 66:8, pale panapouliza kama nchi yaweza kuzaliwa siku moja, palitimia tarehe 14 Mei 1948 kiongozi wa Wayahudi David Ben-Gurion alipotangaza taifa la Israeli. Mimi ni Mkristo na naamini Mungu hajawatupa Wayahudi, lakini hapo sikubaliani naye. Tangazo lilikuwa la siku moja, mimba ilikuwa ya miaka mingi: mkutano wa kwanza wa Wazayuni (Wayahudi waliotaka taifa lao Palestina) Basel, Uswisi, 1897, tamko la Balfour 1917 ambamo Uingereza iliunga mkono makao ya Wayahudi Palestina, kura ya Umoja wa Mataifa ya kuigawa Palestina Novemba 1947. Na katikati kuna jambo linalotugusa sisi wa huku. Mwaka 1903 Waingereza waliwapendekezea Wazayuni ardhi Uasin Gishu, Kenya ya leo, ingawa wengi wanauita mpango wa Uganda. Watu wakatumwa kuikagua, na 1905 mkutano wao ukaikataa. Fikiria, ndugu zao wanachinjwa Urusi, wanapewa mahali pa kukimbilia, bado wanasema Sayuni au basi! Hilo linanigusa moyo kuliko hesabu za tarehe. Wayahudi kurudi kutoka uhamishoni Babeli kwa ruhusa ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, sawa na ahadi ya Yeremia 29:10, sina shida nako. Ila Ezekieli 36 inataja kurudishwa, kisha mstari wa 26 unaahidi moyo mpya, na mahubiri mengi niliyosikia yanaishia kwenye kurudishwa tu. Ninyi mnaosema yote yameshatimia, huo mstari wa 26 mnausomaje?