Mtindi hauwezi kufanya kazi ya brashi ya meno ya bandia

Mzee anayelala na meno ya bandia ya juu, mwombe ayavue. Huenda ukakuta kaakaa jekundu, na wekundu wenyewe umeishia pale pale ukingo wa bamba, ile sehemu ya meno hayo inayofunika kaakaa, ulipoishia. Pitisha kidole upande wa ndani wa bamba: linateleza. Utelezi huo ndimo anamojificha fangasi Candida albicans, na mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

Siku hizi wazee kama hawa wanashauriwa wanywe mtindi wenye bakteria rafiki. Ushauri huo una msingi. Mwaka 2007 watafiti wa Ufini waliwapa wazee gramu 50 za jibini kila siku kwa wiki 16. Kwa waliokula jibini lenye bakteria rafiki Lactobacillus rhamnosus GG na wenzake, wenye fangasi wengi kwenye mate walishuka kutoka asilimia 30 hadi 21; kwa waliokula jibini la kawaida walipanda kutoka 28 hadi 34. Bakteria hao humnyang'anya fangasi mahali pa kushika, na asidi yao humzuia kurefusha nyuzi anazopenyezea kwenye nyama laini.

Lakini tazama tena hiyo 21. Fangasi hupungua, haondoki. Na bakteria hawa ni wageni kinywani, ukiacha kuwala hutoweka. Ndiyo maana nasema brashi itangulie. Vua bamba kila usiku, lisugue kwa brashi laini na sabuni ya maji, kisha liloweke. Usitumie dawa ya meno: inaacha mikwaruzo, na fangasi hujibanza humo humo. Anayetumia pampu ya pumu yenye steroidi asukutue maji na kuyatema kila baada ya kuvuta, maana steroidi inayobaki kinywani humsaidia fangasi kuota.

Hapo ndipo mtindi uje: usio na sukari, usiochemshwa, unywe taratibu upite kinywani. Kusukutua klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kinywani, muda huo huo ni kuwaua bakteria uliowanunua.

Utando mweupe ukishatokea, hiyo ni kazi ya dawa. Nistatini, dawa ya maji ya fangasi, ishikilie mdomoni kabla ya kumeza, uendelee siku 2 baada ya dalili kuisha, na usiichanganye na klorheksidini, maana huidhoofisha. Mwenye kinga iliyoshuka sana, kwa VVU au dawa za saratani, asianze vidonge vya bakteria bila daktari wake: kwake bakteria hao hao, japo ni nadra, wanaweza kuingia kwenye damu.