Aspirini: wenye stenti wasijumuishwe

Makala yenu inasema kumeza aspirini kila siku kuna hatari zaidi kuliko faida. Kwa nani? Utafiti wa ASPREE wa 2018 uliwafuatilia wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Hao kweli hawakupata kinga ya maana, na waliovuja damu vibaya waliongezeka, maana dawa inayozuia damu kuganda ndiyo hiyo hiyo inayopunguza ute unaolinda tumbo. Choo kikigeuka cheusi kama lami, huenda damu inavuja tumboni; kimbia hospitali. Lakini aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kuwekewa stenti (kijibomba kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi) ni habari nyingine kabisa. Akiiacha aspirini ghafla anajitia hatarini. Mbona hilo mmelipitia juu juu?