Mafuta ya mwili na depresioni: nani anamsukuma mwenzake?

Hapa Bukavu mama akinona tunamwambia mambo yake iko sawa, pesa inaingia, sasa siku akianza kulala mchana kutwa, haongei, hacheki, hakuna mwenye anafikiria depresioni (ugonjwa wa huzuni nzito), wanasema anajivuna. Nimeona hii kwa yaya yangu, dada yangu mkubwa, ndiyo maana inaniuma.

Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichanganya tafiti 15 zenye kufuata watu kwa miaka, wakakuta mwenye unene uliopita kiasi ana hatari 55% zaidi ya kupata depresioni, na mwenye depresioni naye hatari 58% zaidi ya kunona hivyo. Njia inaenda pande zote mbili.

Wenye kusema kiungo ni inflamasioni, ile kinga ya mwili yenye kuwaka bila kuzima, wana hoja nzito. Mafuta, zaidi ya tumboni, hayakai tu kimya, yanavuta seli za kinga na kutoa sitokini, ujumbe wa kemikali wa kinga, kama IL-6 na TNF, halafu ini linapandisha CRP, protini yenye kuonyesha inflamasioni, kwenye damu na ubongo unasikia. Kumbuka siku malaria ilikushika, hutaki watu, chakula hakipiti, unataka blanketi tu, ile ni kinga ya mwili inaongea na ubongo. Na wagonjwa wa hepatiti C wenye walidungwa interferoni, dawa yenye kuamsha kinga, wengi waliingia depresioni wakiwa kwenye ile dawa.

Lakini siendi nao mpaka mwisho. Mwaka 2013 kule Marekani wagonjwa 60 wenye depresioni sugu waligawanywa, wengine wakapewa infliximab yenye kuzima TNF, wengine dawa ya uongo, na kwa jumla infliximab haikushinda, ilionekana kusaidia wale tu wenye CRP yao ilipita 5 (miligramu kwa lita). Na kati ya wenye depresioni, kama robo tu ndio CRP yao inapita 3. Basi wengine je? Kuna msiba, vita, maneno ya watu juu ya mwili wako, hata dawa zenyewe za depresioni, mirtazapine kwa mfano inanenepesha.

Ndio maana sikubali daktari kumwambia mgonjwa "punguza mwili kwanza". Yaya aliambiwa vile mahali fulani, akarudi akajifungia siku 3. Siku hizi anameza dawa zake na asubuhi tunapanda naye mtaa wa Kadutu polepole, kwa sababu kutembea kunasaidia mawazo hata kilo zisiposhuka, na zake hazijashuka sana, ila juzi ameuliza bei ya sambaza, wale samaki wadogo, sokoni iko ngapi.